Kasi ya biti katika kuhamishia video kwenye DVD
Kasi ya biti ni kiasi cha data kinachohifadhi kila sekunde ya video. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, yaani takriban megabiti 37,600. Mpiga video wa Kedowa, Kericho, aliyerekodi harusi ya saa mbili hugawanya kiasi hicho kwa sekunde 7,200 na kupata megabiti 5.2 kwa sekunde. Akiondoa sauti na akiba, picha hubakiwa na 4.8 hivi. Harusi ya saa tatu huachiwa 3.1 tu, na wachezaji ngoma huweza kuonekana wakimeguka miraba. Heri diski mbili. Kikomo cha picha ni 9.8. Kuongeza kasi hakurejeshi ubora uliokwisha kupotea, hivyo faili asilia isifutwe.