Kimwondo: Neno la Kale na Wageni wa Angani

Mtu atembeaye usiku Kamenge, kaskazini mwa mji wa Bujumbura, akiona mwanga ukipita angani na kuzimika, husema ameona kimondo. Je, jina hilo lawafaa pia wageni watatu waliotoka nje ya mfumo wetu wa jua? Swali hili latuhusu sisi walimu wa Kiswahili, kwani wanafunzi wetu husoma sayansi kwa Kifaransa, kisha hukosa maneno ya kuwaeleza wazazi wao.

Kamusi za zamani huandika kimwondo, yaani kitu kirushwacho. Watu wa pwani walisimulia kuwa malaika huwarushia majini vimwondo. Hivyo neno lilitaja mwendo kwanza. Baadaye likatumiwa pia kwa mawe yaliyoanguka, kama Kimondo cha Mbozi, Tanzania, ambacho hasa ni chuma.

Wanaastronomia nao walihangaika na majina. Gimba la kwanza lilionekana Hawaii tarehe 19 Oktoba 2017. Liliitwa kometi, lilipokosa mkia likaitwa asteroidi, mwishowe likapewa jina 1I/ʻOumuamua. Mwanga wake ulipanda na kushuka sana kila baada ya saa saba au nane, dalili kwamba lilikuwa refu au bapa, tena likibingirika. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa mwendo wake haukuelezeka kwa mvuto wa jua peke yake. Wengi hudhani lilisukumwa na gesi iliyotoka ndani yake, lakini mjadala haujaisha. Gimba la pili, 2I/Borisov la mwaka 2019, lilikuwa kometi dhahiri. La tatu, 3I/ATLAS, lilionekana Julai 2025 likiwa na wingu la gesi na vumbi; lilitujia kwa kasi ya kilomita 58 hivi kwa sekunde.

Maumbile yao yatofautiana, ila njia zao hazifungi duara kulizunguka jua. Hupita mara moja, wakapinda, wakaenda zao. Yaelekea kila mmoja alirushwa kutoka kwenye nyota nyingine.

Kuna atakayepinga kwamba kimondo huwaka hewani, na hawa hawakugusa hewa yetu. Hoja hiyo ni ya haki. Basi tuseme kimwondo mgeni, kwa tahajia ya kale, tupate kuwatofautisha. Kabla ya kukopa neno, tufungue kwanza kamusi za wazee wetu.