Mtoto wa Ukoo, Mtoto wa Makao

Mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, kijana wa Kibukusu anayejiandaa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akigonga chinyimba, kengele za chuma, kuwaalika waje wamshuhudie. Kati ya nyumba zote atakazopita, moja haikwepeki: kwa khocha, mjomba wake, ndugu wa mama. Khocha humchinjia ng'ombe, na nyama iitwayo luliki huvishwa shingoni mwa kijana arudi nayo kwao ikining'inia kifuani, kila mtu njiani aone kwamba upande wa mama umemtambua.

Ninaanza na khocha kwa sababu historia ya huduma za Kikristo kwa watoto na familia zenye dhiki huko Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, haieleweki bila yeye. Palipokuwa na khocha, kanisa lilifanya kazi ya namna moja. Pasipokuwa naye, lilijenga nyumba, likaweka vitanda, likatafuta wafadhili. Miji hii miwili inatazama Mlima Elgon mmoja, na basi linaloondoka Webuye kupitia Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hufika Kitale kabla abiria hajasinzia vizuri. Kilichoitenganisha ni ardhi.

Wamisionari wa Friends, tunaowaita pia Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, Wamarekani watatu. Misheni yao waliiita ya viwanda, kwa kuwa walitaka mwongofu ajue kusoma na pia kupasua mbao. Kutoka Kaimosi walipanda kaskazini hadi Lugulu, katikati ya nchi ya Wabukusu, ambako baada ya muda kulikuwa na kanisa, shule na hospitali. Wakatoliki walikuja kwa mlango wa Uganda. Mapadre wa Mill Hill walikuwa Mumias tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mapema katika miaka ya 1930 wakafungua Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilijikita Magharibi kwa ngoma na sare, na Waanglikana hawakubaki nyuma.

Katika maboma hayo ya misheni hutaona sana nyumba za yatima. Misheni ilikuwa na bweni, zahanati na darasa. Watoto wa marehemu walibaki mikononi mwa kukhu, yaani bibi, au baba mdogo, na mjane alikuwa na ukoo uliodai kumtunza, hata kama mara nyingine dai hilo lilimkandamiza. Sitaki kuupamba ukoo. Kulikuwa na wajane walionyang'anywa shamba, na wasichana waliokimbilia misheni ili wasiozwe kwa nguvu. Hapo ndipo bweni la misheni lilipokuwa kimbilio la kweli, miongo mingi kabla neno la haki za mtoto halijafika kwetu. Lakini hata msichana yule aliyekimbia, ukoo wake ulijulikana, na shauri lake lilikuwa na wazee wa kulisikiliza.

Sasa panda Kitale. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia askari Wazungu waliostaafu ardhi ya Trans Nzoia, eneo linalouzunguka mji huo, kupitia mpango wa mwaka 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi yakaanza kusafirishwa. Wabukusu wengi walipanda huko kama vibarua na maskwota, wakiwa na kipande, kitambulisho cha kazi, shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mtoto aliyezaliwa kwenye shamba la mlowezi alizaliwa mahali ambapo baba yake hakuwa na kaburi la babu wala mti wa kuapia. Mkataba ulipokwisha familia nzima ilifunga mizigo. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyelelewa katika kanisa la Friends kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, alipodai katika miaka ya 1940 kwamba Wazungu waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe, aligusa jeraha hilohilo. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake Malakisi. Sikubaliani na kila alichohubiri Masinde, ila naona aliona mapema jambo ambalo makanisa yalichelewa kuliona: asiye na ardhi hana pa kumweka yatima wake.

Uhuru haukufuta hali hiyo. Mipango ya makazi iliyoanza mapema miaka ya 1960 iliwapa wengi mashamba, na kampuni za kununua ardhi zikaleta wengine, lakini Trans Nzoia ilibaki nchi ya wahamiaji: Wabukusu, Wakikuyu, Wateso wa mpakani, Wapokot, Wanandi, Wasabaot waliodai ni kwao tangu zamani. Kisha wakaja Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo kaskazini. Walijenga vibanda Kipsongo, pembezoni mwa mji. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote amepoteza pia njia ya kuoa, ya kulipa, ya kumpa mwanawe jina lenye uzito. Watoto wa Kipsongo wakaingia mjini kuokota chuma chakavu na makaa yaliyoanguka, wakalala vibarazani, na wengine wakashikwa na uraibu wa kunusa gundi. Wakaitwa chokoraa. Neno hilo linaumiza, nami nalitaja tu kwa kuwa ndilo walilosikia kila siku.

Hapa ndipo Kitale ilipoanza kujaa makao ya watoto. Wazo lenyewe lilikuwa limesafiri kutoka mbali. George Müller alianza kuwakusanya yatima katika nyumba za Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na hadithi yake ya kuomba bila kuchangisha ilisomwa katika makanisa mengi ya kiinjili. Kutoka Vita vya Korea likaja wazo la pili: mfadhili mmoja, mtoto mmoja, picha moja. Compassion, iliyoanzishwa na mhubiri Everett Swanson mwaka 1952 kwa ajili ya yatima wa Korea, iliingia Kenya mwaka 1980 na kufanya kazi kupitia makanisa ya mitaa. Mtoto alibaki kwao na kuja kanisani kwa masomo, chakula na matibabu. Mkondo wa Müller ndio ulioonekana zaidi kwenye mabango ya barabara za Kitale: geti, bweni, jiko kubwa, shamba la mahindi nyuma, na mchungaji na mkewe wakiitwa baba na mama na watoto 30, 50 au zaidi.

Nawaheshimu watu hao. Wengi walianza kwa kumwokota mtoto mmoja mlangoni wakati wa mvua, wakaishia na nyumba nzima. Walimlisha mtu aliyekuwa analala kwenye mtaro. Aliyewahi kupika uji wa watoto 40 kabla ya jua kuchomoza hahitaji mahubiri kutoka kwangu.

Halafu Ukimwi ukaja, na kila mpango uliokuwepo ukawa mdogo. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ugonjwa huo janga la taifa. Barabara ya Malaba, inayopita Webuye na Bungoma, ilikuwa njia ya malori, na njia ya malori ilikuwa njia ya virusi. Webuye, mji uliojengwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, ulizika vijana wenye mishahara. Mazishi ya kila Jumamosi yaliwaachia akina kukhu wajukuu watano, sita, na shamba la robo ekari. Ukoo uliokuwa nguzo ukaanza kupinda, maana wajomba na baba wadogo nao walikuwa wanakufa.

Kazi kubwa ya kanisa la Bungoma miaka hiyo haikuwa na bango. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikuwa wameweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji tangu katikati ya miaka ya 1970, na sasa jumuiya hizo za nyumba 10 au 15 zikawa na la kufanya. Mama mmoja alimwogesha mgonjwa, mwingine alileta unga, wa tatu alipalilia shamba la mjane. Akina mama wa Friends, wa Kianglikana na wa Jeshi la Wokovu walifanya vivyo hivyo kwa majina yao mengine. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, zilibaki gharama za sare na daftari, na hizo zilitoka kwenye mchango wa Jumapili. Kutoka Eldoret, mpango wa AMPATH ulioanza mwaka 2001 ulifikisha dawa za kupunguza makali hadi kliniki za Kitale na Webuye. Fedha za Marekani za PEPFAR, zilizoanza mwaka 2003 na ambazo kwa sheria asilimia 10 ilitengewa yatima na watoto walio hatarini, zilipita kwa sehemu katika mikono ya mashirika ya makanisa. Mzazi aliyepata dawa alimlea mwanawe mwenyewe. Kwa maoni yangu, kidonge kile kilizuia uyatima mwingi kuliko makao yote yangeweza kuupokea.

Vita viliongeza watoto wengine wenye dhiki. Mapigano ya 1991 na 1992 yaliwafukuza watu Trans Nzoia na Bungoma. Kati ya 2006 na 2008 kundi la wapiganaji la SLDF lilitesa watu wa Mlima Elgon kwa ugomvi wa ardhi ya Chebyuk, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008 ikaacha akina mama wakitafuta waume na wana waliochukuliwa. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, Endebess kulikuwa na kambi. Friends waliunda vikundi vya amani, wakaketi chini na wajane wa pande zote mbili kuzungumzia maumivu. Huduma hiyo haikuhitaji jengo, na ilimponya mama ili aweze kulea.

Sheria ilifuata. Sheria ya Watoto ya 2001 iliweka makao chini ya usajili na afisa wa watoto. Mwaka 2017 serikali ikasimamisha usajili wa makao mapya. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali iliagiza watoto warudishwe makwao haraka, na makao mengi yakagundua kwamba mtoto aliyeandikwa yatima ana shangazi, ana bibi, mara nyingine ana mama. Sheria mpya ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 zimeweka familia mbele: kuzuia mtoto asitenganishwe, kulelewa na jamaa, mlezi wa kambo au kwa kafala, ulezi wa Kiislamu, na kumrudisha kwao aliye ndani ya makao. Masista Wakatoliki, wakifuata wenzao wa Uganda walioanza mwaka 2016, wamekuwa wakigeuza makao yao kuwa vituo vya kusaidia familia. Kwa baadhi ya wachungaji wa Kitale jambo hili limeuma, kwa sababu mfadhili hutoa kwa urahisi kwa picha ya bweni, si kwa nauli ya mfanyakazi wa jamii kwenda Lodwar, kwa Waturkana, mara tatu kumtafuta babu. Mapema 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, hata huduma hii ya familia iliyumba.

Kuna chombo kimoja ambacho makanisa haya yanacho tayari, na ningependa kitumike zaidi: daftari la ubatizo. Parokia ya Kikatoliki huandika jina la mtoto, la baba, la mama, mahali alipozaliwa na msimamizi wake. Makanisa mengine nayo yana orodha za washirika. Mtoto anayekumbuka tu kwamba mama yake aliitwa Nafula na walikuwa wakipita karibu na kanisa lenye mnara anaweza kuwa na ukurasa wake Kibabii au Misikhu, katika wino uliofifia. Kwenye mstari wa mama huenda likawepo jina la babu, baba wa mama huyo. Na kwa babu huyo, kama alizaa wana, ndiko aliko khocha.