Upepo, Tanga na Sheria: Historia ya Matembezi ya Mashua katika Ghuba ya San Francisco

1.0 Utangulizi

Historia ya starehe za majini aghalabu huandikwa kama historia ya wenye nacho: mashua za fahari, vikombe na washindi. Kwa Ghuba ya San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, mtazamo huo hautoshi. Makala haya yanadai kwamba matembezi ya kutwa kwa mashua za tanga katika ghuba hiyo ni zao la mambo matatu: upepo, urithi wa mabaharia wa kazi, na sheria iliyozuia maji yasigeuzwe ardhi. Hilo la tatu ndilo husahauliwa, ilhali ndilo lenye fundisho kubwa kwa watunga sera.

2.0 Upepo wa Alasiri

Bahari ya Pasifiki huingia ghubani kupitia mlango wa Golden Gate, wenye upana wa takribani kilomita 1.6 tu mahali pembamba. Majira ya joto, bonde kuu la California lililoko bara hupata joto kali. Hewa yake hupanda, na hewa baridi ya baharini huvutwa kuchukua nafasi yake. Kwa kuwa milima ya pwani imekatika kwenye mlango huo, upepo hubanwa na kuongezeka kasi. Asubuhi maji huweza kutulia. Alasiri upepo mara nyingi hufikia fundo 20 hadi 25. Maji yanapokupwa na kukabiliana na upepo huo, mawimbi huwa mafupi na makali. Nahodha mwenye busara hupunguza tanga mapema, wala hangoji mashua ilale.

3.0 Kutoka Kazi hadi Starehe

Dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1848 iliigeuza San Francisco kuwa bandari kubwa kwa muda mfupi. Nyasi kavu za farasi, nafaka na mbao zilibebwa na majahazi yenye tumbo bapa, yaliyoweza kuingia kwenye vijito vya kina kifupi. Mabaharia hao wa kazi walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mashindano ya tanga ghubani: mwaka 1867 chama chao cha kusaidiana kiliandaa mashindano ya sikukuu ya uhuru. Klabu ya San Francisco Yacht Club ilifuata mwaka 1869. Jahazi Alma, lililoundwa mwaka 1891 kwa ajili ya mizigo, leo limo katika hifadhi ya taifa ya historia ya bahari, na limekuwa likiwatembeza wananchi. Kwa hiyo starehe hii haikushushwa na matajiri pekee. Ilichipuka pia kutoka jasho la wabeba mizigo.

4.0 Maji Yaliyokaribia Kutoweka

Kufikia miaka ya 1960, takribani theluthi moja ya ghuba ilikuwa imefukiwa au kukingwa kwa matuta. Miji iliyapa maji thamani pale tu yalipogeuzwa viwanja, na taka zilimwagwa ufukweni. Mwaka 1959 wahandisi wa Jeshi la Marekani walitoa ramani iliyoashiria kwamba kufikia mwaka 2020 ghuba ingeweza kubaki mithili ya mto. Mji wa Berkeley peke yake ulipanga kufukia takribani hekta 800.

Mwaka 1961 wanawake watatu, Catherine Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, walianzisha chama cha kuiokoa ghuba. Shinikizo lao lilichangia kupatikana kwa Sheria ya McAteer-Petris ya mwaka 1965, iliyounda tume ya kusimamia ghuba. Mwaka 1969 tume hiyo ikawa ya kudumu. Tangu hapo, anayetaka kufukia maji sharti apate kibali, na miradi ya ufukweni hudaiwa kuwapa wananchi njia ya kufikia maji kwa kadiri inavyowezekana. Burudani za majini zenyewe zilitajwa miongoni mwa matumizi yanayostahili kupewa nafasi.

Hata hivyo, mabaharia wa starehe hawakuwa nje ya tatizo. Gati la mashua la Berkeley limejengwa juu ya ardhi iliyofukiwa. Lakini katika mji huohuo leo ipo klabu ya kujitolea ambamo mtu asiye na mashua hulipa ada ndogo, hutoa saa chache za kazi, na hufundishwa kuendesha tanga. Maji yaliyookolewa yamepata watumiaji wa kawaida.

5.0 Hitimisho

Upepo wa Golden Gate ungeendelea kuvuma hata kama ghuba ingefukiwa. Ungevuma juu ya mapaa ya nyumba. Kilichobaki kulindwa kilikuwa maji, na maji hayo yalilindwa na wananchi waliogeuza hoja yao kuwa sheria yenye tume, kibali na masharti. Kwa nchi zenye ghuba na maziwa yanayobanwa na miji inayokua, historia hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, burudani ya umma ni hoja halali ya sera, si anasa. Pili, uhifadhi usiofungua njia ya mwananchi kufika majini huhifadhi mandhari tu.