Kususiana na Kuzikana: Siasa Zinapoingia Ukooni

Kiambishi -an- ni kidogo kwa umbo, lakini kimebeba sehemu kubwa ya maisha yetu. Kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili nilikieleza kwa jina la kauli ya kutendana: huyu amtendee yule, na yule amtendee huyu. Kiambishi hicho hutupa kusalimiana, kualikana na kuzikana. Hicho hicho hutupa kususiana, kunyimana na kugombana. Sarufi haina upande. Historia ndiyo inayotuonyesha jinsi ukoo mmoja unavyohama kutoka kundi la kwanza la vitenzi hivi kwenda la pili, na gharama ya kurudi.

Nayaandika haya nikiwa Kifungilo, ambako kila Desemba mabasi hupanda kutoka Mombo yamejaa wana wa milima hii wanaorejea nyumbani. Wilaya yetu ina Waislamu na Wakristo, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja, nasi tumezoea kuandaliana vyakula vya Idi na vya Krismasi. Tofauti ya dini tulikwisha kujifunza kuipisha mlangoni. Tofauti ya siasa bado inatushinda.

Mfano wa kwanza uko hapa hapa Usambara. Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyetawala kutoka Vugha, alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake, Shekulwavu, akakalia kiti cha Vugha. Mwana wake, Semboja, alikuwa na makao yake Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara ya biashara, na huko alipata bunduki na utajiri. Mtu na ami yake wakawa maadui. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Vugha ilishambuliwa, Shekulwavu akakimbia na kufariki, na Semboja akamweka mwanawe mwenyewe pale. Wabondei nao wakaasi dhidi ya Wakilindi waliowatawala. Kwa miaka mingi iliyofuata watu wa kawaida walitekwa na kuuzwa utumwani ili ndugu wa damu moja wapate baruti ya kupigania kiti kimoja. Wajerumani walipofika, waliikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa imejibomoa.

Habari hizo tunazo kwa Kiswahili kwa sababu ya Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vikubwa vya nathari katika lugha yetu. Mwandishi huyo hakuwa mtazamaji wa mbali, alimtumikia Semboja. Anayekisoma kitabu chake anapaswa kukumbuka kwamba anasikiliza upande mmoja wa ugomvi wa nyumbani. Tena, simulizi lenyewe linaanza na ugomvi wa aina hiyo: Mbega, babu wa ukoo, alizaliwa kigego, na jamaa zake wakamnyima urithi, akahama kwao Ungulu. Ukoo ulioasisiwa na mtu aliyetengwa na nduguze ukaja kuangushwa na ndugu waliotengana.

Wazee wa Kisambaa walikuwa na namna yao ya kulieleza jambo hili. Nguvu mbili zikishindana bila mshindi, walisema, nchi huharibika: mvua hukatika na njaa huingia. Kuiponya nchi kuliitwa kuzifya shi. Si lazima tuamini kwamba ugomvi hufukuza mawingu ili tuione hekima iliyomo. Anayelima katikati ya nguvu mbili havuni.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya maji, nao unagusa moja kwa moja sikukuu na misiba. Katika uchaguzi wa Julai 1957 huko Zanzibar, chama cha Hizbu hakikupata hata kiti kimoja kati ya sita vilivyogombaniwa. Kilichofuata ndicho ambacho Wazanzibari wenyewe hukiita zama za siasa. Watu waligomea maduka ya wapinzani wao. Wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliounga mkono Afro-Shirazi. Ndoa zilivunjika, watu waliacha kwenda kwenye arusi na maziko ya majirani zao. Juni 1961 fujo za uchaguzi ziliua watu 68. Julai 1963 Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ulikuja Desemba 10, na Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964. Tazama mfuatano huo: kabla ya panga na bunduki kulikuwa na jeneza ambalo jirani alikataa kulibeba.

Vyama vingi viliporudi, mambo yakajirudia. Uchaguzi wa 1995 uliamuliwa kwa tofauti ya chini ya asilimia moja, na Pemba ikarejea kwenye kususiana: dukani, kwenye gari, msikitini, makaburini. Asiyekwenda mazikoni kwa nduguye hawezi kufika kwake siku ya Idi kupeana naye mkono. Muafaka wa 1999 ulitiwa saini na viongozi, lakini haukutekelezwa; Januari 2001 waandamanaji waliuawa, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Hapo ndipo lugha ilipoleta neno jingine. Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, na tukio hilo likaitwa maridhiano. Linganisha maneno haya mawili. Muafaka ni makubaliano. Unaweza kuandikwa na mawakili. Maridhiano yametokana na kuridhia, na ndani yake mna ule -an- wetu: huyu aridhie, na yule aridhie. Julai 31, 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na takribani theluthi mbili wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa wa karibu mno, Shein asilimia 50.1 na Seif 49.1, lakini ulipita kwa amani.

Hata maridhiano huvunjika. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, kususiana kukarudi, na Agosti 2016, kwenye maziko ya Mzee Aboud Jumbe, Maalim Seif alikataa kuupokea mkono wa Rais Shein mbele ya watu wote. Waliomlaumu walikuwa na hoja: maziko si jukwaa. Waliomtetea nao walikuwa na hoja: mkono usiofuatwa na haki ni mapambo. Desemba 2020 alikubali tena kuingia serikalini, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Februari 17, 2021 akafariki.

Sisi wa bara tulizoea kuyasoma hayo kama habari za visiwani. Baada ya Oktoba 29, 2025, baada ya maandamano, vifo na amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam, hatuwezi tena. Sherehe za Desemba 9 zilifutwa, lakini Krismasi haikufutika. Katika ukoo mmoja anaweza kuwamo askari, balozi wa nyumba kumi, kijana aliyeandamana na mama anayelia. Wote huitwa kula mezani pamoja.

Katika historia hii nimepata mambo matatu ya kumshauri mwenye nyumba. Kwanza, mwaliko usiwe na masharti ya chama. Mwite yule unayejua hamkubaliani, na msiba wake uuhudhurie kabla hujamwalika kwenye pilau. Pili, kabla ya kuulizana nani ana haki, tuulizane nani amepatwa na nini. Hoja huzaa hoja, lakini aliyefiwa akisimulia, hata mpinzani wake hunyamaza asikilize. Tatu, tusiufanye ukimya kuwa ndiyo amani. Mila zetu zimempa mjukuu ruhusa ya kumtania babu yake, na katika utani huo kweli nyingi husemwa pasipo mtu kuvunjiwa heshima. Nyumba inayopiga marufuku mazungumzo yote imetia saini muafaka, bado haijaridhiana.

TANU ilipolifanya neno ndugu kuwa jina la heshima katika siasa, ililiazima kutoka nyumbani. Nyumbani ndugu hapigiwi kura wala hafukuzwi uanachama. Anaweza kukosea maisha yake yote, na siku ya mwisho wanaomkosoa ndio watakaomchimbia kaburi. Wakilindi walilisahau hilo, na nchi nzima ikalipa.