Sindano ya Kupunguza Uzito: Ilitoka Wapi na Gharama Yake ni Gani?

Leo tunazungumzia sindano ya kupunguza uzito, ile inayodungwa mara moja kwa wiki. Kabla hujaitamani, ijue historia yake.

Hamu ya dawa ya kukonda si ya leo. Mwaka 1933, huko Marekani, watu walianza kupewa kemikali iitwayo dinitrofenoli. Walikonda kweli, lakini baadhi yao walipata mtoto wa jicho na wengine wakafa. Mwaka 1938 serikali ilitangaza kuwa haifai kwa binadamu. Mwaka 1997 dawa nyingine, fenfluramini, iliondolewa madukani kwa sababu iliharibu vali za moyo. Mara zote mbili uzito ulipungua kwanza, na madhara yakajulikana baadaye.

Sindano ya sasa ilianzia kwenye ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alieleza kemikali aliyoipata katika sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila monster. Ilifanana na homoni ambayo utumbo wetu hutoa tunapokula, inayosaidia kushusha sukari na kuuarifu ubongo kwamba tumeshiba. Homoni yetu huisha baada ya dakika chache. Ile ya mjusi hudumu zaidi. Dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, ikidungwa mara mbili kwa siku. Mwaka 2017 ikaja semaglutaidi, ya mara moja kwa wiki, kwa wenye kisukari. Mwaka 2021 ikaidhinishwa kwa unene pia, kwa jina la Wegovy.

Je, inafanya kazi? Katika utafiti wa watu wazima 1,961, waliodungwa dawa hiyo kwa wiki 68 walipunguza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Lakini 44 kati ya kila 100 walipata kichefuchefu. Wengine hutapika, huhara au hufunga choo. Wachache hupata mawe kwenye kifuko cha nyongo au uvimbe wa kongosho. Ukiwa unaitumia, kisha tumbo likuume sana bila kutulia, nenda hospitali mara moja.

Sasa gharama. Mwaka 2021 bei yake Marekani ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Baadaye bei ilishushwa kwa wanaojilipia, lakini gharama haina mwisho ulio wazi: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza.

Kwa sababu ya bei hiyo, walaghai wameingia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutaidi bandia. Usinunue sindano kwa rafiki wala kwa muuzaji wa mtandaoni.

Mama mjamzito asiitumie. Anayepanga kushika mimba aiache angalau miezi miwili kabla, na anayenyonyesha amwone daktari kwanza.

Kwa mwenye kisukari au unene unaohatarisha moyo, sindano hii inaweza kuwa msaada mkubwa chini ya daktari. Muulize hivi: Je, mimi naihitaji? Nikipata madhara, nije kwa nani? Nitaitumia kwa muda gani, na nitaweza kuilipia muda wote huo bila kuwanyima watoto chakula na karo?