Mafunzo ya Uandishi wa Habari za Uchunguzi Bujumbura: Historia Fupi na Kazi Inayotungoja Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba Kiswahili cha Bujumbura ni lugha ya soko, ya bandari na ya mtaa wa Buyenzi. Kauli hiyo si ya uongo, lakini ina upungufu. Kwa miaka mingi Kiswahili kimekuwa pia lugha ya taarifa za habari katika redio za mji huu, bega kwa bega na Kirundi na Kifaransa. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi jinsi waandishi wa habari wa Bujumbura walivyojifunza kazi ya uchunguzi na vitendea kazi walivyovitumia. Hoja yetu ni moja: ujuzi huo ulirithishwa zaidi kwa mdomo na kwa vitendo kuliko kwa maandishi, na miongozo iliyokuja baadaye iliandikwa kwa lugha nyingine. Jambo hilo linatuhusu sisi walimu wa lugha.

Studio Ijambo: kujifunza wawili wawili

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na Burundi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Mwaka uliofuata, redio ya RTLM nchini Rwanda iliuonyesha ulimwengu jinsi maneno yanavyoweza kuchochea mauaji. Burundi nayo ilikuwa na vyombo vyake vya chuki. Katika hali hiyo, mwaka 1995, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura. Neno la Kirundi “ijambo” lina maana ya “neno”. Msomaji ataona mara moja undugu wake na “jambo” letu.

Studio hiyo haikuwa kituo cha redio. Ilitayarisha vipindi vilivyorushwa na vituo vingine. Utaratibu wake uliojulikana sana ulikuwa kuwatuma waandishi wawili pamoja, mmoja Mhutu na mwingine Mtutsi. Faida yake ni rahisi kuielewa. Palikuwa na mitaa ambayo mmoja hakuweza kuingia bila mwenzake, na watu ambao wasingesema kitu mbele ya mmoja peke yake. Zaidi ya hayo, kila mmoja alikuwa msahihishaji wa mwenzake: neno la upendeleo ambalo mmoja hakuliona, mwingine alilisikia. Kwa kijana aliyeanza kazi, hicho ndicho kilikuwa kitabu chake cha mafunzo.

Redio binafsi na gharama ya uchunguzi

Waliojifunza hapo walikwenda kufungua milango mingine. Alexis Sinduhije, aliyekuwa Studio Ijambo, alianzisha Radio Publique Africaine, yaani RPA, mwaka 2001, na kuwaajiri hata waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili. Radio Isanganiro, ambayo jina lake lina maana ya “mahali pa kukutania”, ilifuata mwaka 2002. Bonesha FM ilikuwapo tangu miaka ya 1990. Jina lake linatokana na “kubona” ya Kirundi, ndugu wa “kuona”. Mwaka 2008 gazeti la Iwacu, yaani “kwetu”, lilianza kutoka Bujumbura.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Mwishoni mwa mwaka 2006 waandishi watatu wa RPA na Isanganiro walifungwa kwa ajili ya habari walizotangaza, kisha wakaachiwa huru na mahakama Januari 2007. Kesi iliyotikisa zaidi ilitokea baadaye. Mwezi Septemba 2014 watawa watatu wa Kiitalia waliuawa Kamenge, kaskazini mwa mji. Polisi walimtangaza mtuhumiwa mmoja baada ya siku chache. RPA haikuridhika, ikaendelea kuuliza, na Januari 2015 ikarusha ushuhuda wa mtu aliyesema kwamba alishiriki katika mauaji hayo. Mkurugenzi wake, Bob Rugurika, alikamatwa mwezi huohuo. Alipoachiwa kwa dhamana mwezi Februari, umati mkubwa ulijitokeza kumpokea.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la kupindua serikali, redio kubwa za binafsi zilivamiwa na kuharibiwa. Waandishi wengi walikimbilia nje. Tarehe 15 Mei, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, ilitoa hukumu kuhusu sheria ya habari ya Burundi ya mwaka 2013. Iliamua kwamba baadhi ya vifungu, kikiwamo kilichowalazimisha waandishi kutaja vyanzo vyao, vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Hukumu ilikuwa nzuri, lakini vyumba vya habari vilivyoihitaji vilikuwa tayari vimeharibiwa. Isanganiro ilirudi hewani mwaka 2016, na Bonesha mwaka 2021.

Hapa ndipo tunaona upungufu wa mafunzo ya mdomo. Mwalimu anapokimbia, anaondoka na somo lake. Kijana aliyeingia redioni baada ya mwaka 2015 hakumkuta yule mzee wa kazi aliyejua kulinganisha shuhuda mbili.

Vitabu vipo, lakini kwa lugha gani?

Miongozo iliyoandikwa ipo. Mwaka 2009 UNESCO ilichapisha mwongozo wa uchunguzi ulioandaliwa na Mark Lee Hunter na wenzake, ambao ulipatikana kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Unamfundisha mwandishi kuanza na nadharia tete, kuipima kwa nyaraka zilizo wazi kwa umma, ndipo awaendee watu. Mwaka 2012 ulitoka mwongozo wa uandishi wa habari za takwimu, The Data Journalism Handbook, uliotokana na warsha iliyofanyika London mwaka 2011. Mtangazaji wa Bujumbura anaweza kuisoma miongozo hiyo kwa Kifaransa. Lakini akiketi kuandika taarifa ya Kiswahili, inampasa aunde maneno yeye mwenyewe, haraka, kabla ya saa ya habari.

Maneno yanayoweza kumponza mtu

Tutoe mifano mitatu ambayo tunaitumia darasani.

Kwanza, “upelelezi” na “uchunguzi”. Kamusi zinayaweka karibu, lakini mpelelezi ni askari au jasusi. Mwandishi anayejitambulisha kuwa “mpelelezi” amejishtaki mwenyewe. Tunapendekeza “uandishi wa habari za uchunguzi” bila kusita.

Pili, “mtuhumiwa”, “mshtakiwa” na “mkosaji”. Wa kwanza anashukiwa tu, wa pili amefikishwa mahakamani, wa tatu amehukumiwa. Katika kesi kama ile ya Kamenge, kumwita mtuhumiwa “muuaji” ni kutoa hukumu redioni. Vilevile “inasemekana” haitoshi: nani amesema, lini, na alijuaje? Mwanafunzi azoee kuandika “kwa mujibu wa” na kumtaja msemaji, isipokuwa pale inapobidi kumlinda.

Tatu, “kwa” na “hadi” katika takwimu. Sensa ya mwaka 1990 ilihesabu Warundi wapatao milioni 5.1; ya mwaka 2008 ilihesabu 8,053,574. Idadi iliongezeka hadi milioni 8, lakini iliongezeka kwa milioni 2.9 hivi, yaani karibu asilimia 57. Kiunganishi kimoja kikikosewa, watu milioni tano wanazaliwa hewani. Tukiilinganisha na sensa ya mwaka 1979, iliyohesabu watu milioni 4 na ushei, ndipo tunaweza kusema idadi imekuwa karibu maradufu.

Hitimisho

Makosa haya hayahitaji kompyuta kusahihishwa. Yanahitaji mwalimu wa lugha na daftari. Hatuwezi kurudisha mitambo iliyoharibiwa wala kumrudisha kila aliyekwenda uhamishoni. Tunachoweza ni kuandika: orodha ya istilahi yenye maelezo na mifano, mazoezi ya kusoma jedwali na kulieleza kwa Kiswahili fasaha, na mahojiano na waandishi wakongwe wakisimulia hatua kwa hatua walivyothibitisha habari. Tunawaomba wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu waifikirie kazi hii, na walimu wenzetu watupatie istilahi wanazotumia, hata zile wanazozitilia shaka. Mali bila daftari hupotea bila habari; ujuzi nao ni mali.