Taa ya Babu na Kijana wa Wimbe

Babu yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix yenye dainamo. Usiku nikikaa kwenye keria nilikuwa naisikia ikinguruma kwenye tairi, na mbele taa inamulika njia. Tukifika kwenye kilima babu anashuka, anasukuma, na taa inafifia mpaka basi. Yaani penye makorongo ndipo taa inapokukimbia! Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mjukuu wangu, hii haijui kuweka akiba."

Basi ndugu wasomaji, jibu hilo lina historia ndefu.

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliosokotwa, umeme unazaliwa. Dainamo ya baiskeli ni hiyo hiyo. Sumaku ikizunguka taa inawaka, ikisimama giza linarudi. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akatengeneza betri ya risasi na asidi, mzazi wa betri za magari tunazozijua. Hapo akiba ikapatikana.

Lakini akiba ina hesabu yake. Dainamo ya kawaida hutoa wati 3 hivi. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600. Gawanya mwenyewe: ni saa 200 za kunyonga baiskeli, na hapo hatujatoa umeme unaopotea njiani. Nani ana miguu hiyo baada ya kushinda shambani?

Miguu inachoka. Upepo hauombi chakula.

Huko ndiko alikofika kijana mmoja wa Malawi, William Kamkwamba. Njaa kali ya mwaka 2001 na 2002 iliikuta familia yake ikilima huko Wimbe, wilaya ya Kasungu. Ada ikakosekana, akaacha sekondari. Badala ya kukaa bure akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi. Kiingereza kilimsumbua, akawa anafuata michoro. Katika kitabu kiitwacho Using Energy akaona picha ya mitambo ya upepo.

Akaanza kuokota vyuma chakavu: feni ya trekta, shokapu, fremu ya baiskeli. Mabomba ya plastiki aliyapasha moto akayanyoosha yakawa mapanga. Dainamo alinunuliwa na rafiki yake. Wanakijiji wengine walidhani amerukwa na akili. Mwaka 2002, akiwa na miaka 14, alipanda juu ya mnara wake wa miti, upepo ukavuma, balbu ikawaka.

Baadaye akaongeza betri ya gari. Hapo kuna ujanja wa kujua: umeme wa dainamo hubadilibadilisha mwelekeo, na betri inataka umeme wa mwelekeo mmoja. Lazima katikati kiwepo kidude kiitwacho dayodi, kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Ndiyo akiba aliyokuwa anaisema babu. Upepo ukilala, nyumba bado ina mwanga. Majirani nao wakaanza kupanga foleni kuchaji simu.

Juni 2007 William alikuja hapa kwetu Arusha, kwenye mkutano wa TED, akasimulia habari yake kwa maneno machache yenye woga. Baadaye alirudi shule, na mwaka 2014 akahitimu Chuo Kikuu cha Dartmouth, Marekani.

Kuna jambo moja linaloniuma mimi kama mwandishi wa habari. Mtambo ulisimama mwaka 2002, lakini gazeti la Daily Times la Malawi lilimwandika mwaka 2006. Miaka minne mnara unaonekana kutoka mbali, na sisi wenye kalamu hatupo! Tulikuwa wapi? Nadhani tulikuwa kwenye semina, tunasubiri hotuba ya mgeni rasmi.

Sasa nawauliza nyinyi: kijijini kwenu ni nani anayeitwa kichaa kwa sababu anaokota vyuma? Niambieni. Safari hii nataka nifike mapema.